Nahau za Kihispania na Visawe Vyake vya Kiingereza: Iko Wapi Safu ya Tatu?

Makala haya yanahusu jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko lionekanavyo. Vitabu vingi vya kujifunzia Kihispania vinavyopatikana hapa kwetu viliandikiwa wasomaji wa Kiingereza. Mwishoni mwa sura huwekwa orodha yenye safu mbili: kushoto neno au nahau ya Kihispania, na kulia kisawe chake cha Kiingereza. Mwanafunzi wa Kikenya aisomapo orodha hiyo huongeza safu ya tatu kichwani mwake, nayo ni ya Kiswahili. Lakini safu hiyo huijaza kwa kuitazama ya pili, wala si ya kwanza. Nimekusudia kuonyesha kwamba njia hii ya mzunguko humpoteza mara nyingi, kwa kuwa mahali pengi Kihispania na Kiswahili hulipanga jambo kwa namna moja, na Kiingereza ndicho kinachosimama peke yake. Tena nitadai kwamba hasara ya mzunguko huo hakipati Kihispania, bali Kiswahili chenyewe.

Kabla ya kuendelea, yafaa tutenganishe aina mbili za nahau. Ziko nahau za taswira, yaani zile zinazochora picha isiyoweza kufasiriwa neno kwa neno. Na ziko zile ambazo ningeziita nahau za mpango, ambamo hakuna picha yoyote, ila lugha imechagua nani awe mtenda na nani awe mtendwa. Orodha za vitabuni hupenda aina ya kwanza kwa sababu inachekesha. Aina ya pili ndiyo yenye maana kwetu.

Tuanze na taswira, wala tusikae sana hapo. Mhispania akifanyiwa mzaha husema kwamba amechukuliwa nywele, "tomar el pelo". Mwingereza husema amevutwa mguu, "to pull someone's leg". Mswahili huchezewa shere. Kitu kikiwa ghali mno, kwa Mhispania kinagharimu jicho la uso, "un ojo de la cara". Kwa Mwingereza kinagharimu mkono na mguu. Mvua kubwa Uhispania hunyesha kwa mitungi, "a cántaros", Uingereza huanguka paka na mbwa, kwetu humiminika. Kifo kikitajwa kwa kejeli, Mhispania hunyosha mguu, "estirar la pata", Mwingereza hupiga ndoo teke, nasi tunakata kamba. Hakuna mfasiri mwenye akili timamu atakayeandika kwa Kiswahili kwamba mzee fulani alipiga ndoo teke, kwa hiyo hatari hapa ni ndogo. Taswira huonekana kwa mbali kuwa ni taswira, na msomaji hujihadhari.

Hata hivyo methali moja inastahili kutajwa. Kihispania husema "más vale pájaro en mano que ciento volando", kwamba ndege mmoja mkononi ni bora kuliko mia wanaoruka. Kiingereza humlinganisha yule mmoja na wawili tu, tena wamo kichakani. Kiswahili husema: moja shika, si kumi nenda uje. Ukifuata safu ya Kiingereza utafikiri kwamba jambo lenyewe ni ndege na kichaka. Ukizitazama zote tatu utaona kwamba jambo ni hesabu, na kwamba kila lugha ina kiasi chake cha tamaa: wawili, kumi, mia. Nami napenda pia "dar a luz", kuleta kwenye nuru, yaani kuzaa. Kiingereza husema kwa ukavu "to give birth". Kiswahili nacho kina staha yake katika "kujifungua". Mama wa Kihispania anatoa mwanga na mama wa Kiswahili anafungua fundo; ni wa Kiingereza pekee asiyekuwa na picha.

Sasa tuingie katika nahau za mpango. Kila mwanafunzi wa Kihispania hukutana mapema na kitenzi "tener", kuwa na kitu. "Tengo hambre", "tengo sed", "tengo sueño", "tengo miedo", "tengo prisa". Vitabu huyataja haya kama mambo ya ajabu, kwa kuwa Kiingereza hutumia kitenzi cha kuwa pamoja na kivumishi: mtu ni mwenye kushikwa na njaa, ni mwenye kiu, ni mwenye woga. Huwekwa onyo kwamba mwanafunzi asije akasema kwa Kihispania yeye "ni njaa". Kwa Mswahili onyo hilo halina kazi. Nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina hofu, nina haraka: orodha nzima imekwisha. Hata umri unaingia humo, kwani "tengo veinte años" ni nina miaka ishirini, ilhali Mwingereza "ni" miaka ishirini. Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya shahada ya uzamili nilisoma Kihispania pamoja na wenyeji wa Kiingereza, na nakumbuka walivyochoshwa na mazoezi ya sura hiyo. Kwangu yalikuwa mazoezi ya kunakili.

Zaidi ya "tener" kuna viungo vya mwili. "Me duele la cabeza" ni kichwa kinaniuma. Kichwa ndicho kiima. Mimi ni mtendwa. Vikiwa vingi, kitenzi hubadilika kwa kufuata viungo wala si kwa kunifuata mimi: "me duelen los pies", miguu inaniuma. Kiingereza humfanya mgonjwa kuwa mmiliki wa maumivu, kana kwamba ni mali aliyoinunua: "I have a headache". Ndivyo ilivyo pia katika kitenzi "gustar", kinachosumbua sana wanafunzi wa Kiingereza. "Me gusta esta casa" huandikwa katika safu ya pili kuwa "I like this house", na mwanafunzi huambiwa kwamba Kihispania kimepindua sentensi. Hakuna kilichopinduliwa. Nyumba hii inanipendeza. Aidha "me quedan diez pesos" ni zimenisalia peso kumi, na "me da miedo" ni inanitia hofu.

Tutazame na suala la umiliki. Mhispania hasemi kwamba daktari alikata kidole changu. Husema "me cortó el dedo", alinikata kidole. Hasemi aliosha uso wake mtoto, bali "le lavó la cara", alimwosha uso. Mwenye kiungo huingizwa ndani ya kitenzi, nacho kiungo hubaki bila kimilikishi, kwa sababu kinajulikana ni cha nani. Kiswahili hufanya vivyo hivyo kwa kiambishi cha yambwa. Mtu akianguka mtini, Kihispania husema "se rompió el brazo", na Kiswahili husema amevunjika mkono. Kiingereza husema "he broke his arm", maneno ambayo, yakifasiriwa yalivyo, humfanya aliyeanguka kuwa mkosaji: alivunja mkono wake. Alivunja kwa nini? Alikuwa na hasira nao?

Hapa ndipo penye shina la hoja yangu. Sentensi za namna ya "alivunja mkono wake", "aligonga kichwa changu" na "nina maumivu ya kichwa" si mifano ya kubuni. Zimo katika insha za wanafunzi wetu, zimo katika habari zinazofasiriwa kwa haraka, na pole pole zinazoea masikio. Waandishi wake si watu wasiojua Kiswahili. Nyumbani wanasema vizuri kwamba mtoto amevunjika mkono. Waishikapo kalamu, na matini ya Kiingereza iko mbele yao, wanamvunjisha. Mwanafunzi anayejifunza Kihispania kupitia Kiingereza hulirudia kosa hilo mara mbili: kwanza haoni kwamba Kihispania kinasema kama kwao, kisha anakitafsiri Kiingereza kwa Kiswahili ambacho si cha kwao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa "se me". Wahispania wana muundo ambao ndani yake jambo hujitendea lenyewe, na mtu huwekwa kando kama aliyepatwa nalo. "Se me cayó el vaso": bilauri imeniponyoka. "Se me olvidó": limenitoka akilini. "Se le rompió el reloj": saa imemharibikia. Kiingereza husema tu kwamba mtu aliangusha, alisahau, aliharibu, au kwamba saa yake iliharibika; ama mtu anabeba lawama yote, au hayumo kabisa. Walimu wa Kihispania hupenda kueleza kwamba muundo huu ni wa kukwepa lawama. Sidhani kwamba maelezo hayo yanatosha. Tazama "se le murió la madre". Hakuna lawama ya kukwepwa katika kifo cha mama. Kinachosemwa ni kwamba kifo hicho kimemfikia mtu, kimemwangukia. Safu ya Kiingereza huandika "his mother died", labda na neno "on him" likiongezwa, nalo lina harufu ya lawama au mzaha ambayo msiba hauitaki. Mfasiri anayeifuata safu hiyo ataandika: mama yake alikufa. Si kosa la sarufi. Lakini Kiswahili kina alifiwa na mama yake, kina mama alimfia, na kauli hiyo ya kutendea, ikiwekwa juu ya kitenzi cha kufa, hufanya kazi ile ile ifanywayo na "se le". Hakuna Mswahili anayekwenda matangani kumwambia jirani kwamba amesikia mama yake alikufa. Humwambia: pole, nimesikia umefiwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa wizi. "Le robaron la cartera" ni walimwibia pochi. Kiingereza huiba pochi ya mtu. Kihispania na Kiswahili humwibia mtu pochi.

Sitaki msomaji afikiri kwamba najenga udugu ambao haupo. Kihispania ni mtoto wa Kilatini, na Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Kufanana huku ni kwa sadfa, au tuseme ni kwa sababu njia za kulipanga tendo na mwenye kupatwa nalo si nyingi duniani. Yako mahali ambapo Kihispania na lugha za Kibantu hukutana kweli kweli, kwa mfano Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru kutoka kwa Uhispania mwaka 1968, ambako Kihispania hutumika pamoja na Kifang na Kibubi, ambazo nazo ni za Kibantu. Mtafiti mwenye kupenda kazi hii angefaidi sana kuwasikiliza wanafunzi wa huko.

Tena kufanana kwenyewe kuna mipaka, na mwalimu asiyeionyesha atawadhuru wanafunzi wake. Kitenzi "acabar" maana yake ni kumaliza, na "acabo de comer" humjaribu Mswahili aseme nimekwisha kula. La. Muundo huo una maana kwamba ndiyo kwanza nimetoka kula, sasa hivi. Nimekwisha kula ni "ya he comido". Pili, "le compré el coche" yaweza kuwa nilimnunulia gari, na yaweza pia kuwa nililinunua gari kwake. Kauli yetu ya kutendea haina utata huo, na hapa Kiswahili ni sahihi zaidi. Tatu, hali ya hewa: Mhispania husema "hace frío", kwamba inafanya baridi, nasi tunasema kuna baridi, basi.

Vile vitenzi viwili vya kuwa, "ser" na "estar", ni mtihani wa kila mgeni. Mswahili anasaidika nusu. "Es maestro" ni mwalimu. "Está en casa" yuko nyumbani: hapo hakuna taabu, kwa maana sisi pia hatuchanganyi ni na yuko. "Es listo" ni mwerevu, "está listo" yu tayari. Lakini sehemu kubwa ya "estar" kwetu haimo katika kitenzi cha kuwa, imo katika kiambishi -me-. "Está cansado", amechoka. "Está sentado", ameketi. "Está muerto", amekufa. "Está roto", kimevunjika. Kwa hiyo kanuni niwapayo wanafunzi ni kwamba mahali ambapo Kiswahili kingetaka -me- ya hali, watafute "estar" kwanza. Si kanuni isiyovunjika, ila ni bora kuliko kuwaambia kwamba "estar" ni ya mambo ya muda. Kwani kuna jambo gani la kudumu kuliko kufa?

Kuhusu vitenzi vya kutaka, nitasema kwa ufupi ingawa ni ukurasa unaonifurahisha. "Habla" ni asema, na "quiero que hable" ni nataka aseme. Irabu ya mwisho inageuka kutoka a kuwa e katika lugha zote mbili, na kwa sababu ile ile, kwamba tendo halijawa bado, linatakwa tu. Kiingereza hutumia kitenzi kisicho na nafsi, "I want him to speak", na vitabu vyake huhitaji sura kadhaa kuieleza hali hiyo. Vitenzi vya Kihispania vinavyoishia kwa -er na -ir hufanya kinyume, e ikawa a, kwa hiyo mwanafunzi asilewe kwa furaha mapema.

Hadi hapa nimesema juu ya sadfa. Upande wa msamiati, hata hivyo, kuna uhusiano wa kweli, nao umepitia kwa Waarabu. Majeshi ya Kiislamu yaliingia Uhispania mwaka 711, na utawala wa mwisho wa Kiislamu huko, ule wa Granada, ulianguka mwaka 1492. Mwaka huo huo Antonio de Nebrija alichapisha sarufi yake ya Kikastilia. Katika karne hizo karibu nane Kihispania kilikopa sana. Hukadiriwa kuwa maneno yenye asili ya Kiarabu yapata 4000, pamoja na yale yaliyonyambuliwa kutoka kwayo. Kiswahili kilikopa kwa njia yake, pwani ya bahari nyingine. Matokeo yake ni kwamba maneno kadhaa yanatazamana katika lugha hizi mbili kama ndugu waliolelewa mbalimbali.

"Azúcar" na sukari havihitaji maelezo. Neno "fulano" ni fulani wetu, na mahali ambapo Kiingereza huwataja Tom, Dick na Harry, Kihispania huwataja Fulano, Zutano na Mengano. Lakini mara nyingi ndugu hawa wamebadilika tabia, na hapo ndipo utamu ulipo. "Mezquino" na maskini ni neno moja. Kwetu hana kitu, kwao anacho ila hatoi, ni bahili. "Alcalde" ni kadhi. Kwetu bado ni mwamuzi wa sheria, kwao amekuwa mkuu wa mji, kile Kiingereza kinachokiita "mayor". "Tarifa" ni taarifa. Kwetu ni habari, kwao ni orodha ya bei au ushuru. "Rehén" ni rehani. Sisi tunaweka rehani nyumba au pete, wao wamelibakiza neno kwa binadamu aliyeshikwa mateka ili sharti litimizwe. Atakayepitia safu ya Kiingereza ataona "mean", "mayor", "tariff" na "hostage", asitambue kwamba maneno matatu kati ya hayo manne anayo mfukoni, na la nne ameliona kwenye mlango wa mahakama ya Mombasa.

Yapo pia maneno yaliyotufikia kwa Wareno, ambao lugha yao ni jirani ya Kihispania. "Mesa" ni meza na "bandera" ni bendera. Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilijengwa wakati ambapo mfalme wa Ureno na mfalme wa Uhispania alikuwa mtu mmoja, Philip wa Pili, kwani nchi hizo zilikuwa chini ya taji moja tangu mwaka 1580 hadi 1640. Lakini tusivutwe na sauti tupu. Pesa yetu haikutoka katika "peso" ya Kihispania. Asili yake ni "paisa" ya Kihindi.

Nimeliacha mwisho neno moja dogo. Kihispania kina "hasta", litokalo katika "hatta" ya Kiarabu, neno ambalo ndilo lililotupa hata. Orodha za Kiingereza hulazimika kuligawa mara mbili: "until" na "even". "Hasta mañana" huwekwa upande mmoja, na "hasta los niños lo saben" upande wa pili, kana kwamba ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Kijana wa leo wa Nairobi atakubali upesi hilo la pili, hata watoto wanalijua, ila la kwanza ataliona geni, kwa kuwa yeye husema hadi kesho au mpaka kesho. Lakini afungue maandishi ya zamani ya Kiswahili, au Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, ataikuta hata ikifanya kazi zote mbili bila kuona haya: tangu asubuhi hata jioni, toka Lamu hata Mombasa. Nusu hiyo ya neno sisi tumeipunguza matumizi, na Wahispania wanaaganiana nayo kila siku.